Nilimwachisha Mwanangu Kazi kwa Sababu ya FAFSA

Jumapili moja ya Novemba 2024, baada ya kutoka ibadani, nilimwita mwanangu jikoni nikamwambia aache kazi. Alikuwa darasa la 12, mwaka wake wa mwisho wa sekondari hapa Houston. Tangu Juni 2023 alikuwa na kibarua kwenye mgahawa wa kuku jirani na shule: jioni tatu kwa wiki na Jumamosi kuanzia asubuhi, jumla saa 18, kwa dola 12 kila saa. Nilimwambia fomu ya msaada wa chuo, FAFSA, imefunguliwa, na serikali ikishaona anapokea mshahara itasema huyu ana uwezo, ajilipie. Hakubishana. Aliuliza mara moja tu, "Mama, una uhakika?" Nikamjibu ninao. Jumanne alikwenda kuaga.

Uhakika sikuwa nao. Nilikuwa na radio mbao.

Nilikuwa nimesikia maneno yale sehemu nyingi kiasi kwamba sikukumbuka tena nani aliyaanza. Kwenye kitchen party ya binti wa rafiki yangu, mama mmoja alisimulia mtoto wa ndugu yake aliyenyimwa ruzuku kwa sababu alifanya kazi ghalani majira ya joto. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Texas, aliniambia kwa Kiswahili chao: "Mama, mtoto akitumika, wanakata," yaani akifanya kazi. Naye aliambiwa na mwingine. Mwaka uliotangulia fomu yenyewe ilikuwa imetutia watu kiwewe. Ile ya 2024-25 ilibadilishwa yote, ikachelewa kufunguliwa hadi siku za mwisho za Desemba 2023, na wazazi wasiokuwa na namba ya utambulisho ya Social Security wakakwama kwa miezi. Mambo yakivurugika namna ile, kila mtu anatafuta sababu yake mwenyewe ya kwa nini fulani alipata na fulani akakosa.

Lakini nikikaa nikafikiri, naona hofu yangu ilikuwa na mzizi wa zamani zaidi ya umbea. Tulifika nchi hii mimi na watoto watatu kwa bahati nasibu ya viza, na miaka ya mwanzo tulikula kwa SNAP, ule msaada wa chakula ambao wengi wetu bado tunauita fudi stempu. Huko nilifundishwa adabu moja: ukiongeza saa kazini, katoe taarifa, na kadi ya mwezi unaofuata itapungua. Wenzangu wanaoishi kwenye nyumba za ruzuku wanajua hivyo hivyo, maana kodi yao ni asilimia 30 ya kipato, na kipato kikipanda kodi nayo inapanda. Ukiishi miaka mitano kwa utaratibu huo, mwili wako unajifunza kwamba dola mpya inakuja na mkono wa kuichukua. Basi nilipoisikia FAFSA nikaiweka kapu moja na mengine. Ni serikali ile ile, nilijiambia. Inauliza kipato, kwa hiyo inakata.

Kwa wasioifahamu: FAFSA ndiyo fomu ya serikali kuu ya Marekani ambayo mwanafunzi anaijaza kila mwaka ili aombe ruzuku, mikopo na nafasi za kazi chuoni. Hapa Texas, kuanzia waliomaliza mwaka 2022, huwezi kuhitimu sekondari bila kuijaza, au kujaza ile ya jimbo iitwayo TASFA, au mzazi asaini kwamba hataki. Raia wanaruhusiwa, na sisi wenye ukaazi wa kudumu, na wakimbizi, na waliopewa hifadhi. Kijana aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Mtoto wa binamu yangu aliyetoka Dar es Salaam kwa viza hiyo anasoma kwa pesa ya baba yake na kibarua cha chuoni kisichozidi saa 20 kwa wiki wakati wa mhula, basi.

Ukishaijaza, inatoka namba moja inayoitwa SAI. Ndiyo namba vyuo vinayotumia kupima familia yako inaweza kuchangia kiasi gani. Inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri, hasi 1,500. Ikiwa ndogo, msaada unakuwa mkubwa. Mimi nilichojua ni kwamba mshahara wa mtoto unaingia kwenye namba hiyo. Hilo ni kweli. Sikuuliza unaingiaje.

Niliuliza Julai 2025, na hata hapo sikuuliza mimi. Mwanangu alikuwa amekubaliwa chuo kikuu cha umma cha hapa hapa mjini, tukaitwa ofisi ya msaada wa fedha kusaini karatasi zilizobaki. Mama aliyetuhudumia, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimuuliza mwanangu kama bado anafanya kazi. Akajibu hapana, aliacha Novemba. "Kwa nini?" Mtoto akanitazama. Nikaeleza mimi, na nilieleza kwa fahari kidogo, kama mzazi aliyeona mbali. Yule mama aliweka kalamu chini. Hakunicheka wala hakunikemea. Alivuta karatasi tupu akaanza kuandika namba, na kwa dakika kumi zilizofuata sikuwa na la kusema.

Kwanza aliandika mwaka. Fomu ya 2025-26 inaangalia kipato cha 2023. Siku zote inarudi nyuma miaka miwili, kwa sababu inavuta taarifa za kodi ambazo tayari ziko mamlaka ya kodi, IRS. Maana yake Novemba 2024 nilipomwachisha kazi, mwaka 2023 ulikuwa umeshakwisha, kodi imeshapelekwa, namba zimeshalala kwenye kompyuta ya serikali. Hata angeacha kazi saa ile ile fomu inafunguliwa, au angefanya kazi usiku na mchana, hakuna ambacho kingebadilika kwa mwaka wake wa kwanza wa chuo.

Pili aliandika 11,510. Kwa mwaka huo, mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi wake anaachiwa dola 11,510 za kipato chake bila kuguswa. Mwaka uliotangulia ilikuwa 11,130, na kabla ya hapo 7,600. Kiwango kinapandishwa, na kimepanda kwa kasi. Mwanangu kwa 2023 alikuwa amepata dola 5,940. Nusu tu ya kiwango, ukizidisha kidogo. Mshahara wake wote kwenye ile hesabu ulikuwa sifuri.

Halafu, kwa kuwa aliona nimenyamaza, alinionyesha ingekuwaje kama mtoto angepata nyingi zaidi. Nimeiandika upya hapa kwa sababu hesabu hii ndiyo watu wengi wanaikosa. Chukua kijana aliyepata dola 15,000 mwaka 2023. Ondoa makato ya pensheni ya serikali (Social Security) na bima ya afya ya uzeeni (Medicare), asilimia 7.65, yaani kama dola 1,148. Ondoa kodi ya mapato ya serikali kuu, ambayo kwa mtu wa kipato hicho mwaka ule ni kama dola 115. Ondoa zile 11,510. Zinabaki kama dola 2,228. Nusu yake, kama 1,114, ndiyo inaongezwa kwenye SAI. Kwa hiyo kijana aliyeingiza elfu 15 anaonekana kuwa na uwezo wa kuchangia elfu moja na mia moja hivi. Na kijana asiyezidi kama dola 12,400 haongezi hata senti, kwa sababu makato yale ya asilimia 7.65 nayo yanampa nafasi kidogo juu ya kiwango.

Ni kweli nusu ni kiwango kikali. Kila dola inayovuka mpaka inahesabiwa senti hamsini, na kwa familia ya kipato cha kati, ambayo iko pembeni pembeni ya kupata ruzuku, hizo senti hamsini zinauma. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kazi ya mtoto haina athari kamwe. Ila mpaka uko juu kuliko wanavyofika watoto wengi wa sekondari ninaowajua, wale wa saa 15 au 20 kwa wiki kwenye migahawa na maduka.

Kisha akaandika jambo la tatu, na hili ndilo lililonimaliza.

Ruzuku kubwa ya serikali kuu ni ya Pell, ambayo ilianza miaka ya sabini na baadaye ikapewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Kwa 2025-26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na hairudishwi. Tangu sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka wa masomo 2024-25, familia ya kipato cha chini inapata kiwango chote moja kwa moja kwa kulinganisha vitu viwili: kipato cha wazazi kwenye ritani ya kodi, na mstari wa umaskini wa serikali kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Mzazi anayelea peke yake anaruhusiwa kufika asilimia 225 ya mstari huo. Wazazi wawili, asilimia 175. Nyumbani kwetu tuko wanne, na mstari wa 2023 kwa watu wanne ulikuwa dola 30,000. Kwangu mimi mpaka ulikuwa dola 67,500. Kwa nyumba ya watu wanne yenye wazazi wawili, ungekuwa 52,500. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Pamoja na ovataimu yote, mwaka 2023 niliingiza elfu 46 na kidogo.

Kipato cha mtoto hakimo kabisa kwenye kipimo hicho. Mwanangu angeweza kupata hata hizo elfu 15, na Pell yake ingebaki 7,395.

Nilimwachisha kazi kulinda kitu ambacho kazi yake isingeweza kukigusa.

Tulipotoka pale tuliingia kwenye gari tukakaa bila kuwasha. Nilipiga hesabu kichwani, ingawa sikutaka: wiki 28 kutoka Novemba hadi alipohitimu, dola 216 kwa wiki, kama dola 6,000 kabla ya makato. Wakati huo alikuwa anaanza chuo na kompyuta ya mkono ya kuazima kwa dada yangu. Na kuna kitu ambacho hakimo kwenye hesabu yoyote. Alikuwa akimtumia bibi yake, mama yangu, dola 30 kila mwezi kule Muheza, kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe, na bibi alikuwa akipokea meseji ya M-Pesa anawaita majirani waje waisome. Ilipokoma, mama aliniuliza kwenye simu kama mjukuu amemkasirikia. Nilimwambia yuko na mitihani.

Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto kirahisi. Mimi mwenyewe sikumbuki kuombwa. Tulikuwa tumefika kwenye taa za Hillcroft, foleni imesimama, nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nilikuambia nina uhakika na sikuwa nao. Nisamehe." Alitazama dirishani muda mrefu, hadi gari za mbele zikaanza kutembea. Akasema, "Yameisha, Mama. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza. Jumamosi moja moja, mimi na yule jirani yangu tunakaa na akina mama wenye watoto wa darasa la 11 na 12, watu wa Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, tunafungua fomu pamoja kwenye simu zao. Na kadiri ninavyokaa na watu ndivyo ninavyoona kwamba tumekuwa tukiogopa mlango ambao simba hayupo. Simba yuko milango mingine.

Mlango wa kwanza ni akiba. Pesa iliyo kwenye akaunti kwa jina la mwanafunzi inahesabiwa asilimia 20. Iliyo kwa jina la mzazi haizidi asilimia 5.64. Dola 5,000 za mtoto zinaongeza 1,000 kwenye SAI. Zile zile kwa jina lako, haziongezi hata 300. Na kinachohesabiwa ni salio la siku unayosaini fomu. Mama mmoja alikuwa amepokea upatu wake wiki ile ile, dola elfu nne za wenzake na zake, zote zimekaa benki zikimsubiri anunue gari. Kwake haikuwa na shida, kwa sababu familia iliyopokea SNAP au Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ndani ya miezi 24 iliyopita haiulizwi mali kabisa, na nyingi zenye kipato chini ya dola 60,000 na kodi isiyo na mambo mengi haziulizwi vilevile. Ila ningekuwa na kipato cha juu zaidi ningependa kulijua hilo kabla ya kuchagua tarehe.

Mlango mwingine ni kipato chetu sisi wazazi. Hapa ndipo namba zinapopanda kwelikweli, kwa sababu sehemu yetu inahesabiwa kwa viwango kuanzia asilimia 22 hadi 47, baada ya punguzo, na kwa sababu kile kipimo cha kupata Pell yote ni chetu peke yetu. Ovataimu ninayoichukua leo mtoto wangu wa pili ataikuta kwenye fomu miaka miwili ijayo. Sisemi mtu aache ovataimu. Nani anaweza? Nasema ajue. Na ajue pia kwamba fomu haijui kitu kuhusu pesa tunazotuma nyumbani. Nilipeleka karibu dola 3,000 mwaka 2023: dawa za mama, ada ya mtoto wa marehemu kaka yangu, bati za nyumba iliyoezuliwa. Hakuna kisanduku cha hilo. Mama yangu hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba yangu, ingawa anakula kutoka kwangu, kwa sababu yuko Muheza na hayuko Houston. Kwa mtazamo wa fomu, nilikuwa na hizo dola 3,000. Hili linaniuma kila ninapolieleza, na sina cha kuwapa watu zaidi ya kuwaambia kwamba kipato kikishuka ghafla, kazi ikiisha au ugonjwa ukiingia, ofisi ya msaada ya chuo ina mamlaka kisheria ya kupitia upya kesi ya mtu mmoja mmoja. Peleka barua ya kuachishwa kazi, peleka bili za hospitali. Wengi wetu hatujui kwamba inaruhusiwa kuomba.

Lakini mlango ambao ningetaka mzazi mwenzangu ausimamie usiku kucha ni huu: saa.

Binti wa mama mmoja ninayemfahamu, mtoto mwenye akili ya kutosha, alianza chuo mwaka 2024 na kibarua cha ghalani, usiku, saa 35 kwa wiki. Mishahara ile haikumpunguzia msaada hata kidogo mwaka ule. Ilichofanya ni kumpunguzia usingizi. Kwanza alipunguza masomo kutoka krediti 12 (krediti ndicho kipimo cha wingi wa masomo) hadi 9 ili apate nafasi ya kupumzika, na hakuna aliyemwambia kwamba Pell sasa inapimwa kwa krediti. Krediti 9 kati ya 12 ni asilimia 75, basi na ruzuku ni asilimia 75. Kwa anayepata kiwango cha juu, mhula mmoja unapungua kutoka karibu dola 3,698 hadi 2,773. Kama dola 925 zimeondoka, na hazikuondolewa na mshahara bali na saa zilizoupata. Halafu mhula wa pili alizidiwa kabisa, akaacha kwenda darasani wiki ya sita bila kumwambia mtu. Mwanafunzi akiondoka kabla ya asilimia 60 ya mhula kupita, sehemu ya msaada wa serikali kuu inapaswa kurudishwa. Bili ilimkuta nyumbani, kwa mama yake, ambaye alidhani mtoto yuko darasani.

Na bado kuna maendeleo ya masomo. Kila chuo kinapokea msaada wa serikali kuu kwa sharti la kupima kama mwanafunzi anasonga mbele: wastani, ambao vyuo vingi vinataka usiwe chini ya 2.0, na sehemu ya krediti anazofaulu kati ya anazojiandikisha, ambayo mara nyingi ni theluthi mbili. Akishuka chini ya hapo anaonywa, na akiendelea msaada unasimamishwa. Anaweza kukata rufaa, akaeleza kilichotokea na mpango wake wa kurekebisha. Yule binti tulimsaidia kuandika barua yake. Aliandika ukweli wote, pamoja na ghala. Kwa sasa amerudi, na krediti sita, na anajilipia mwenyewe mpaka alama zipande.

Huyo ndiye mtoto aliyekatwa msaada kwa sababu ya kazi. Nadhani hadithi yake ikifika kwenye kitchen party mwakani itakuwa imefupishwa: alifanya kazi, wakamnyima. Ndivyo nilivyoipokea mimi ile ya kwanza, labda.

Barua ya msaada ya mwanangu ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa dola 2,500 za mpango wa serikali kuu uitwao Federal Work-Study. Tulidhani zimeshatolewa, zitakatwa kwenye bili. Sivyo. Ni kibali cha kufanya kazi yenye kiwango hicho. Unatafuta mwenyewe nafasi chuoni, unaomba, unafanya, unalipwa kwa saa kama mshahara wowote, na pesa inaingia kwako, si kwenye ada. Usipotafuta nafasi, mstari ule unabaki kuwa wino. Mpango huu ulianza na sheria ya 1964, wakati Marekani ilipotangaza vita dhidi ya umaskini, na una faida ambayo kazi ya mgahawa haina: mshahara wake unaondolewa kwenye hesabu ya SAI, wote, hata ukizidi mpaka. Tena kwa mwanafunzi wa familia inayohitaji SNAP una maana ya pili, kwa sababu sheria ya SNAP inawataka wanafunzi wengi wa chuo ama wafanye kazi saa 20 kwa wiki ama wawe kwenye mpango huu. Dirisha moja la serikali lilinifundisha kuogopa mshahara, na dirisha hilo hilo, mtoto akishafika chuo, linamtaka awe nao.

Alipata nafasi maktaba. Saa 12 kwa wiki, kupanga vitabu na kukaa dawati la kuazima. Kuna jioni anapiga simu ananong'ona kwamba hakuna watu, anajisomea huku analipwa. Mshahara ni mdogo kuliko wa mgahawa, na mgahawani nafasi yake ilishachukuliwa. Septemba, malipo ya kwanza yalipoingia, bibi alipata dola 30 zake. Mama alinipigia usiku wa manane saa zetu, hakuweza kusubiri kupambazuke Texas, kunieleza kwamba mjukuu amemaliza mitihani.

Oktoba 2025 tulijaza fomu ya 2026-27. Safari hii ilivuta kipato cha 2024, mwaka ule nilioukatisha. Nilikaa karibu naye tukiangalia: dola 9,536, Januari hadi katikati ya Novemba. Iko chini ya mpaka, na ingebaki chini hata kama angemaliza ule mwaka. Sikusema kitu na yeye hakusema. Alibonyeza endelea.

Binti yangu sasa yuko darasa la 11. Tangu Agosti anauza mikate kwenye duka la kuoka mikate, Jumamosi na Jumapili mchana, saa 10. Wiki iliyopita meneja alimwomba aongeze jioni mbili, akaja kuniuliza. Namba za 2025 ndizo zitakazoangaliwa akianza chuo 2027, nimeshaziandika kwenye kalenda ya jikoni, na hata akizidisha mara mbili hatafika popote karibu na mpaka. Kwa hiyo sikumuuliza kuhusu pesa. Nilimuuliza jioni zipi. Alisema Jumanne na Alhamisi. Jumatano ana maabara ya kemia asubuhi, na mwaka huu kemia inamsumbua. Tumekubaliana Alhamisi peke yake, tuangalie ripoti ya Desemba.